Chungu cha Kinyasi

Hapo zamani, na wala si zamani sana kama mnavyopenda kujifariji, palikuwa na mji wa wapika chumvi uitwao Kinyasi. Huko mtoto hakuwa mtu kwa kuzaliwa tu. Siku ya saba jumbe alimtoa nje akauliza, "Nani amekuja?" Watu wakajibu, "Amekuja mtu," naye akapewa jina. Lakini kwa wale wenye macho ya kupanda na ulimi mzito, wale wanaochelewa kutembea, mji ulijibu, "Kimekuja," kana kwamba umeletewa kiti. Na kilichokuja kilipelekwa porini kikaachwa huko.

Ili mama asiyaone hayo, palikuwa na chungu. Bi Nunu, mkunga, akipapasa mimba ya miezi minne alijua kilichomo. Akijua, alipika mizizi katika chungu hicho, mama akanywa, mimba ikatoka. Wakaiita huruma. Huruma gani ambayo anayehurumiwa hapati hata pumzi moja? Mimi nauliza tu.

Siku moja Bi Nunu alimpapasa Mashavu, mke wa mpika chumvi, akainuka akainjika chungu. Mashavu akaelewa. Akaletewa dawa, akaifunika kwa kiganja.

"Bi Nunu," akasema, "mtoto huyu hajanikosea. Sinywi."

Bi Nunu alikuwa amewanywesha wengi, na hakuna aliyewahi kumkatalia. Angewaambia wazee, Mashavu angeshikwa na kunyweshwa kwa nguvu. Basi Bi Nunu akaimwaga dawa nyuma ya nyumba, akaenda kwa wazee akaapa kwamba mimba ni njema.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya saba jumbe akamtoa nje, na macho yake kila mtu akayaona. Bi Nunu akavuliwa ukunga pale pale. Jumbe akauliza, "Nani amekuja?" Mji mzima ukajibu, "Kimekuja." Mashavu akafungua mdomo, lakini mama mzazi haruhusiwi kujibu.

Ndipo Riziki, jirani yake, akasimama. Huyu alikunywa chungu kile miaka mitatu nyuma. Akasema peke yake, "Amekuja mtu."

Wazee wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Sheria yao ilisema mtoto ni mtu akijibiwa hivyo. Haikusema ajibiwe na wangapi, kwa sababu hawakudhani kuna atakayethubutu. Mtoto akapewa jina, Mtumwema. Riziki akapewa talaka jioni ile ile, kwa kumwaibisha mumewe.

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme Mtumwema aliuokoa mji na moto, ndipo mkubali kwamba alistahili kuishi. Hakuokoa mji. Alikula, alicheka, alinuna, aliiba sukari guru, alikataa kuoga, sawasawa na wangu na wako. Wewe ulipozaliwa uliokoa nini?

Mtumwema alipofika miaka ishirini, mji ulimtawaza jumbe mpya. Akatangaza kwamba chungu kivunjwe, na atakayekivunja ndiye atakayeuliza "Nani amekuja?" kwa kila mtoto tangu siku hiyo. Akaweka mchi kando ya chungu.

Mashavu akasema, "Mchi ni wangu. Bila kukataa kwangu, Bi Nunu na Riziki wasingekuwa na mtu wa kumtetea."

Bi Nunu, mzee sasa, akasema, "Kukataa kwako kungekufikisha wapi bila uongo wangu? Na mikono iliyokijaza chungu hiki ndiyo inayopaswa kukivunja. Mkininyima, nitakufa nacho kifuani."

Riziki akaja karibu na chungu. "Ninyi wawili mlishinda," akasema. "Mimi nilikunywa. Niliambiwa nimebeba kitu, nikaamini. Wangu angekuwa na miaka ishirini na tatu. Kama kuna mtu chungu hiki kimemla, ni mimi."

Baadhi ya watu wakaanza kulia, maana waliokunywa hawakuwa wachache. Hapo Mtumwema akanyanyuka kwenye mkeka, taratibu, na kwa ulimi wake mzito akasema:

"Dawa ilipikiwa mimi. Nipeni mimi."

Jumbe akautazama mchi, akawatazama wote wanne, asijue ampe nani. Nami sitamsaidia, kwa sababu aliyesimulia amemaliza kazi yake na yenu ndiyo inaanza. Mashavu aliyekataa, Bi Nunu aliyemwaga, Riziki aliyesimama, au Mtumwema mwenyewe: je, nani alistahili kukivunja?