Wimbo wa Nyenje Kinywani mwa Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Pakawa wimbo mmoja, wenyewe wawili.
— Na wa kweli ni yupi?
— Tutajie wewe, bibi!

Haya, mmeitikia vizuri, nitawatajia. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana hadithi hii nikiisimulia mimi haikatizwi.

Hapo kale paliondokea Nyenje. Mwili wake punje ya kunde, mbawa zake nyembamba kama ganda la kitunguu. Nyenje huyo alitunga wimbo wa mavuno. Aliutunga siku nyingi chini ya jani la muhogo, nyiriri, nyiriri, nyiriri, akiacha neno hili, akishika lile. Ulipokamilika aliimba hivi:

Mpunga umetulia,
upepo waupitia,
tuliolima pamoja,
pamoja twafurahia.

Wimbo ukaruka. Ukaenea bonde zima, kila mnyama akauimba kwa mdomo wake. Njiwa aliuimba polepole, kuu-kuu, kuu-kuu, akibembeleza makinda yake. Nyenje alipousikia machozi yalimtoka, akasema, "Kumbe nimetunga kitu." Chura aliuimba mbiombio, kro-kro-kro, watoto wakacheza mpaka wakaanguka. Punda naye aliuimba. Yaliyoupata wimbo kinywani mwa Punda tuyaache, ana jamaa zake hapa kijijini. Lakini kila aliyeuimba, vizuri au vibaya, alimaliza kwa kusema, "Huo ni wimbo wa Nyenje." Nyenje akawa anatembea kifua mbele, na kifua chenyewe hakionekani.

Siku moja Kiboko akatoka mtoni. Chubwi! Guu, guu, guu, mpaka kwenye jani la muhogo.

"Wimbo ule ni wangu," akasema.

"Wako tangu lini, Bwana Kiboko?"

"Tangu nilipouimba. Nikiuimba mimi, bonde zima linasikia. Ukiuimba wewe, anasikia nani? Siku ya mavuno nitasimama nao mimi. Kuanzia siku hiyo, atakayeuimba bila ruhusa yangu nitamkanyaga. Na nitaanza na wewe."

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile. Siku ya mavuno mwenye wimbo huimba mbele ya wote, na ubeti wake wa mwisho ni wa kuomba. Anachokiomba ndicho anachopewa, hakipunguzwi wala hakiongezwi. Akishapewa, wimbo ni wake maisha. Kiboko aliutaka wimbo kwa ajili ya ubeti huo tu. Tatizo ni kwamba kutunga hakujua, hata mstari mmoja.

"We kidudu," akasema, "nitungie ubeti wa kuomba. Niombee vitu vya haja."

Nyenje moyo ulimuuma. Hakuwa na shamba, hakuwa na ghala, alikuwa na wimbo. Akasema, "Nitakuombea kinachomtosha mwenye wimbo."

"Nitashiba?"

"Utasema kwa kinywa chako kwamba umeshiba."

"Na maji?"

"Ya siku saba."

"Na nyumba?"

"Imo."

"Basi niimbie."

Nyenje akamwimbia mara ya kwanza. Kiboko alikuwa anatafuna majani, krapu, krapu. Akamwimbia mara ya pili. Kiboko alikuwa anatafuna majani, krapu, krapu. Akamwimbia mara ya tatu, Kiboko amejitosa mtoni, pua tu ndiyo iko nje.

"Maneno umeyashika, Bwana?"

"Maneno ni ya wenye sauti ndogo. Mimi naimba sauti."

"Haya, Bwana," akasema Nyenje. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la Kiboko lilikuwa limejaa maji.

Siku ya mavuno ikafika. Ngoma ikalia, ndi! ndi! ndi! Bibi Kanga, msimamizi wa vyungu, alisimama mbele na upawa wake mkononi. Kiboko akaingia uwanjani, akapanua kinywa. Guuuuu! Majani yakapukutika. Chura akaziba masikio. Hata Punda alitikisa kichwa akasema, "Huyu anaharibu." Kiboko akafika ubeti wa mwisho, akafumba macho kwa raha, maneno yakimtoka kama kasuku asiyejua anachosema:

Mimi mwili wangu haba,
punje moja nimeshiba,
tone la umande kwangu
ni maji ya siku saba.
Mto wapeni wenzangu,
kwangu jani ndiyo nyumba.

Wanyama wakatazamana.

"Bwana Kiboko," akasema Bibi Kanga, "wimbo huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Umeutunga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kila neno?"

"Kila neno."

"Basi kaa upewe haki yako."

Kiboko akakaa, mate yanamtoka. Bibi Kanga akaleta sinia kubwa kuliko zote. Katikati ya sinia akaweka punje ya mchele, moja. Akaleta tone la umande kwenye ncha ya jani. Kisha akachuma jani la muhogo, akamwekea mgongoni.

"Nini hiki?" Kiboko akauliza.

"Chakula chako, maji yako, nyumba yako. Na mto tumewapa wenzako, kama ulivyotuagiza. Usiuguse tena."

Kiboko akatazama mto. Akatazama punje. Kusema wimbo si wake ilikuwa aibu, akaona heri avumilie. Jua likapanda. Ngozi ya kiboko na jua hazipatani, ninyi mnajua. Ngozi ikakauka, ikaanza kupasuka. Jani la mgongoni likanyauka, likaanguka. Jua lilipofika utosini, sauti ya Kiboko ilitoka nyembamba kuliko ya Nyenje.

"Bibi Kanga. Wimbo si wangu."

"Ni wa nani?"

"Wa Nyenje."

"Kila neno?"

"Kila neno."

"Haya, kaoge."

Chubwi! Maji yakaruka mpaka vyunguni.

Wakamsimamisha Nyenje juu ya upawa wa Bibi Kanga ili aonekane. Akaimba kwa sauti yake ile ile, nyiriri, nyiriri, na bonde zima likanyamaza kumsikia. Akapewa punje yake moja, akala nusu, akashiba. Sijapata kusikia mnyama aliyeshiba kwa fahari kama ile.

Mtoni Kiboko akatoa pua nje. "Nyenje," akasema, "sasa mimi nisiuimbe tena?"

"Imba, Bwana, imba sana. Ila ukimaliza taja wa nani. Na siku nyingine sikiliza unachoimba."

Ndiyo maana mpaka leo mkipita mtoni mnamsikia, guu, guu, guu. Anajifunza maana ya maneno. Hajamaliza ubeti wa kwanza.

Funzo la hadithi ni hili, wanangu: usichukue kamwe kitu alichotunga mwenzio. Na ukikichukua, chukua kifupi, ukisome mpaka mwisho kwanza.

Mimi mwenyewe hadithi hii niliichukua kwa shangazi yangu, Mwanahija, aliyeisimulia miaka arobaini pale pale kizingitini kwake. Kila neno ni lake, ila Punda, huyo nimemtia mimi, na ndiye mnayemcheka zaidi. Shangazi aliisimulia vizuri. Mimi naisimulia vizuri zaidi, na laiti angekuwepo angekasirika, kisha angecheka.

— Imekwisha?
— Imekwisha, bibi!
— Ikiwa nzuri?
— Ni yako!
— Ikiwa mbaya?
— Ni ya shangazi Mwanahija!