Ushuru wa Watani

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee, shamba dogo na mdomo mkubwa. Aliitwa Semboja, mwenyeji wa kijiji cha Kwamsimbo, kando ya mto. Shamba lilimpa mahindi, mama alimpa radhi, na mdomo ulimpa kazi. Mdomo huo huo nusura umnyime kaburi la mama yake.

Ng'ambo ya mto palikuwa na kijiji cha Mwabulenga, na watu wa vijiji hivi viwili walikuwa watani tangu enzi za mababu zao. Anayeujua utani hana haja ya kuelezwa. Asiyeujua naye asiachwe nyuma. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako nawe usinune. Atakuvua kofia atokomee nayo nawe ucheke. Lakini siku ukifiwa, mtani ndiye anayetangulia kuingia ndani. Yeye ndiye anayechimba kaburi, yeye anapika, yeye anabeba jeneza, na ni yeye anayemwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Kwamsimbo hakuna mwenyeji aliyegusa jembe la kaburi kabla mtani hajafika. Ulikuwa mwiko, na hakuna aliyetaka kuujaribu.

Zamani vijiji hivyo viliunganishwa na daraja la magogo, jembamba, la kupitisha gari moja baada ya jingine. Foleni yake ilikuwa ya kutia huruma. Watu wa Mwabulenga walikuwa wakulima hodari wa nyanya, lakini nyanya zao zilifika mjini zikiwa zimeshakuwa mchuzi, umebaki kutiwa chumvi tu. Madereva waliolala foleni walioa wake wa pili hapo hapo ukingoni, au ndivyo walivyosingiziwa. Basi wakubwa wa wilaya wakakaa, wakaamua, wakajenga daraja jipya la zege, pana, la kupishana malori. Siku ya kulifungua, mkubwa mmoja alihutubia akasema kwamba daraja hilo litafungua uchumi wa ukanda mzima. Wazee wa Kwamsimbo waliulizana kwa kunong'ona huo uchumi utatokea upande gani, ili wakae wanautazama. Kisha ikatangazwa kwa kipaza sauti, kila mtu akasikia: magari yatalipa ushuru ili gharama irudi, anayepita kwa miguu hadaiwi kitu.

Alitafutwa mtu wa kukaa getini, na hakutafutwa mbali. Semboja alikuwa amesimama mkutanoni akauliza swali, na kabla wakubwa hawajalijibu akawa amelijibu mwenyewe, tena vizuri kuliko wao. Wakaona mwenye sauti ile hahitaji hata kengele. Akapewa kibanda, buti, kofia, filimbi na lile boriti la geti la kupandisha na kushusha. Alipolishusha mara ya kwanza, lori zima la shehena likasimama mbele yake likihema, Semboja akahisi kitu kitamu kinampanda kutoka kwenye buti hadi kwenye kofia.

Siku za mwanzo wakapita wanawake wa Mwabulenga na matenga yao ya nyanya kichwani, na aliyewatangulia alikuwa Bi Kabula, mama wa makamo ambaye matusi yake ya utani yalisifika hadi tarafa ya tatu. Semboja akamshushia boriti. Akamwambia kwamba miguu ya Mwabulenga imezoea matope, ikikanyaga zege daraja linashtuka, hivyo atoe nyanya moja ya kulituliza. Wanawake wakacheka, hata waliokuwa na haraka. Bi Kabula akamrushia nyanya, akamwambia na kofia ile amekuwa uyoga ulioota mahali pabaya, akapita zake. Ulikuwa utani mzuri, na ungeishia pale, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Kesho yake Semboja akaurudia. Kesho kutwa vilevile. Utani wa siku moja ni utani. Wa kila siku ni kodi. Mwanzoni alipokea nyanya aliyopewa. Baadaye akaanza kuchagua mwenyewe, akibonyeza kwa kidole gumba, zilizolegea anazirudisha tengani na kutikisa kichwa kwa masikitiko, utadhani yeye ndiye aliyezilima. Asiyekuwa na nyanya alisimamishwa mpaka atoe bamia. Foleni ya matenga ikarefuka, malori yakakwama nyuma yake yakipiga honi, na ile foleni iliyozikwa kwa hotuba na ngoma ikafufuka, ikakaa pale pale ilipokuwa zamani, ila sasa ilikuwa juu ya zege. Ukimwuliza Semboja, alikuwa haibi. Aliwaza hivyo kwa dhati. Mtu anaibaje kitu ambacho mwenyewe anakutolea huku anacheka? Kwamba siku hizi walikuwa wakitoa bila kucheka, hilo hakuliona, kwa sababu macho yake yalikuwa tengani.

Mama yake, Bi Sikudhani, aliziona nyanya zikijaa ungo, zikajaa sufuria, zikaanza kuoza chini ya kitanda. Hakuzipika. Jioni moja akamkalisha mwanawe kizingitini, akamwambia, "Baba, mtani mle kofia, mle kuku, mle hata mbuzi. Usimle njia."

Semboja akamjibu kwa upole kwamba yeye mama hayajui mambo ya uchumi. Bi Sikudhani akainuka akaenda zake, kama wanavyoinuka akina mama wakishajua kwamba somo lililobaki litafundishwa na mwalimu mwingine.

Haikupita muda, Bi Kabula na wenzake wakaacha kupita darajani. Walishuka chini kwenye maji mafupi, pale mto unapopinda, wakapandisha khanga magotini, wakavuka na matenga yao kichwani wakaenda kusubiri gari barabara ya mbali. Sokoni Kwamsimbo hawakushusha hata tenga moja. Semboja akawa anawapigia kelele kutoka juu, anawatania kuhusu mamba na miguu yao. Hawakujibu. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, kwa maana utani usiojibiwa umeshakuwa tusi. Lakini aliota mapembe. Mkubwa mmoja wa wilaya alipopita akakuta daraja jeupe, hakuna foleni, akamsifu kwa utendaji, na Semboja akapokea sifa hizo kwa saluti. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha, lakini usaha nao una siku yake.

Siku ikafika. Asubuhi moja Bi Sikudhani alikunywa uji wake, akasema anajinyoosha kidogo, akajinyoosha moja kwa moja. Kwamsimbo nzima ikalia, maana alikuwa mama wa watu. Semboja akamtuma shemeji yake ng'ambo kupeleka habari ya msiba kwa watani, kama inavyopasa. Shemeji akaenda, akarudi. Akasema amewaambia, wamesikia, hawakujibu kitu.

Semboja akatoka mbio hadi getini, akapandisha boriti mpaka mwisho wake, akalifunga kwa kamba lisije likateleza. Akakaa kwenye kibanda akiikodolea macho ng'ambo. Madereva wa malori walipoona geti liko wazi walidhani ni sikukuu. Wakapita bure wakimpungia mkono na kumwombea dua. Lakini kwa miguu hakutokea mtu. Nyumbani majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, na wanaume wa Kwamsimbo wameyazunguka hakuna wa kuyagusa. Shehe aliangalia jua, akaangalia saa yake, akaangalia jua tena. Mzee mmoja akaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba labda mwiko huu nao una dharura zake. Wenzake wakamtazama mpaka akaona heri aende kunywa maji.

Semboja alijua wanangoja nini, na alijua kwa nini hakiji. Akilini alimwona mama yake amelala mkekani, mwanamke ambaye hakuwahi kumchelewesha mtu, amecheleweshwa na nyanya. Akamlilia mama yake mara mbili, mara moja kwa sababu amekufa, na mara ya pili kwa sababu amekufa akiwa na mtoto kama yeye.

Ndipo kilio kikasikika. Hakikutoka darajani, kilitoka chini, kwenye maji mafupi. Mwabulenga yote ilikuwa inavuka, wanaume majembe begani, wanawake sufuria kichwani, maji yaliyopanda siku hiyo yakiwafika kiunoni, na daraja la zege limelala juu yao tupu kabisa, boriti limeinuliwa, hakuna hata aliyeligeukia. Waliingia msibani wakichuruzika, wakakaa na nguo zao mbichi kwenye mikeka mizuri kuliko yote, mfiwa akakosa pa kukaa. Kisha wakafanya kazi yao. Kaburi likachimbwa, vyungu vikapandishwa. Bi Kabula akamwigiza marehemu alivyokuwa akiitafuta miwani iliyo usoni pake, watu wakacheka wakalia, wakalia wakacheka. Kila kitu kikaenda kama inavyotakiwa, isipokuwa Semboja hakutaniwa na mtu. Walimpa pole kwa adabu kabisa, wakamwita bwana. Hakuna kilichomwumiza kama ile adabu.

Jeneza likainuliwa juu ya mabega ya vijana wa Mwabulenga, msafara ukaanza kuelekea makaburini. Kufika mwisho wa ua, filimbi ikalia. Bi Kabula alikuwa amesimama katikati ya njia, kifuniko cha sufuria kichwani, filimbi ya bua la jani la mpapai mdomoni, na mbele yake wanawake wawili wamekingamisha mchi wa kinu mabegani mwao. Wabebaji wakasimama papo hapo, wakatii kama malori. Waombolezaji wakaangua kicheko, shehe akageuka kukohoa. Semboja naye akajaribu kucheka. Bi Kabula, uso mkavu, akamweleza kwamba marehemu anaingia kwenye ardhi iliyochimbwa na watani, ardhi hiyo inashtuka, na dawa ya kuituliza inajulikana: nyanya moja, tena isiwe imelegea.

Semboja akatoa pesa mfukoni. Zikakataliwa. Akakimbilia jikoni, akaambiwa nyanya zote walizokuja nazo watani zimeingia kwenye mchuzi anaoula yeye mwenyewe na wageni wake. Akachungulia chini ya kitanda cha mama. Zilizokuwa huko zilikwisha kugeuka maji na mbegu. Akatuma kwa jirani, akatuma sokoni. Lakini kijiji kizima hakikuwa na nyanya, maana nyanya hutoka Mwabulenga, na Mwabulenga haikuwa imeshusha tenga pale tangu ayafanye yale aliyoyafanya mwenyewe. Akarudi mikono mitupu, jasho linamtiririka ndani ya kanzu. Njia nzima ilikuwa imejaa watu, wamesimama mmoja nyuma ya mwingine kutoka kwenye mchi mpaka mlangoni pa nyumba, na mbele yao wote, juani, jeneza.

Bi Kabula akaitoa filimbi mdomoni. "Pole, mtani," akamwambia. "Leo mama yako ndiye yuko kwenye foleni."

Kicheko kikakatika. Semboja akalitazama jeneza, akawatazama waliolibeba. Aliwajua. Yule wa mbele, Semboja alimsimamisha siku nzima kwa tenga moja, mke wake akiwa na homa kituo cha afya. Wa nyuma yake, alimbonyezea nyanya zote, akamrudishia zilizopasuka. Nguo zao zilikuwa bado na maji ya mto, na mabega yao yalikuwa chini ya mama yake, hayatikisiki. Akakaa vumbini mbele ya watu.

"Sina cha kutoa, mtani," akasema. "Nilikula njia yenu, na leo nimekosa ya mama."

Bi Kabula akamwacha akae hapo kidogo, kwa sababu mtani halisi hana haraka. Kisha akawapa ishara wale wawili, mchi ukainuka. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma kabisa kwamba anayekwenda kwa miguu hadaiwi kitu, walitangaziwa wote kwa kipaza sauti, au uyoga huu haukuwa na masikio? Watu wakacheka tena, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote, huku akilia, alikuwa Semboja, kwa kuwa alikuwa ametukanwa tena kama mtani. Bi Sikudhani akapita, akazikwa kwa heshima zote. Watani wakarudi kwao wakiwa wamechukua mbuzi wake, kofia yake na filimbi yake, na safari hiyo walipita darajani, taratibu, katikati ya barabara, malori yakiwasubiri.

Daraja lile bado lipo na linajenga uchumi, na Semboja bado anashusha boriti mbele ya kila chenye magurudumu. Lakini ndugu zangu, kila mmoja wetu amepewa mahali pa kuwasimamishia wenzake, awe na ufunguo, awe na muhuri, awe na neno tu la ndiyo au hapana. Basi wewe uliyelishusha lako asubuhi ya leo, uliwatazama vizuri uliowazuia, ukajua ni mabega ya nani yale?