Mnyororo Mweusi wa Fundi Matonya

Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa kwa kukaliwa. Msala ni mkeka wa kuswalia, safi na wa kupendeza, lakini ukiwa wa mpita njia, ataswali, ataukunja na kwenda zake nao. Ndiyo maana wahenga walituonya tusitupe kilicho chetu, kilichotufaa siku zote, eti kwa sababu jicho limeona kipya. Emilia wa kijiji cha Haneti aliijua methali hii tangu darasa la nne. Aliisahau asubuhi moja tu ya Jumapili, na nusura akose mashine ya kusaga.

Ulikuwa mwaka 1993, enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Dodoma, ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na rafu tupu, yalifurika bidhaa za ng'ambo: redio, sabuni za kunukia na vipuri vya kila namna. Munir, mwuza vipuri, aliandaa mashindano ya vigari vidogo vya chuma, visivyo na paa wala milango, vyenye injini ya pampu ya maji nyuma ya kiti na mnyororo wa pikipiki wa kuzungusha magurudumu. Mshindi angepewa mashine ya kusaga nafaka.

Emilia aliitaka mashine ile kuliko kitu chochote duniani. Wanawake wa kijijini kwao, mama yake akiwa mmojawapo, waliamka jogoo la kwanza, wakajitwika uwele na kutembea saa tatu kwenda kusaga. Siku nyingine waliikuta mashine mbovu, wakarudi na uwele wao kichwani.

Wakati huo Emilia alikuwa mwanagenzi katika karakana ya Fundi Matonya, mtaa wa Kikuyu mjini Dodoma. Harithi, mchomeleaji wa karakana hiyo hiyo na mtoto wa mjini tangu enzi za mababu, alimwundia fremu ya kigari. Matonya akatoa injini, kisha akatoa gia na mnyororo wa pikipiki yake aliyoiendesha miaka kumi na miwili, mnyororo mweusi tititi.

"Hii cheni nimeitunza tangu enzi kipuri kinaombewa kibali," alimwambia Emilia. "Ukinikatia, usinisalimie tena."

Mzee yule alikuwa mkali kama pilipili, lakini hakuwa mchoyo wa ujuzi. Kila baada ya mazoezi alimsimamia Emilia auvue mnyororo, auloweke katika mafuta ya taa na kuusugua kwa mswaki mkuukuu mpaka mchanga wote utoke. Ukishakauka, kila kiungo kilipata tone moja la oili. Kisha ulitundikwa msumarini hadi kesho yake, na kabla ya kufungwa ulifutwa kwa kitambaa mpaka nje usichafue hata kidole. Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani mnyororo unaometameta kwa oili ndio uliotunzwa, kumbe vumbi la Dodoma likikutana na oili hunata, na mchanga ule hula chuma kama msasa. Katika wiki sita za mazoezi washindani wengine walikata minyororo miwili hadi mitatu kila mmoja. Wa Emilia haukukatika.

Jumapili ya mashindano Fundi Matonya alikwenda kwanza kanisani, kwa kuwa aliimba besi katika kwaya na hakuwa tayari kuwaachia wengine sauti yake. Emilia alikuwa karakanani akikagua kigari, Harithi alipoingia na mnyororo mpya unaong'aa kama bangili ya bibi harusi.

"Dada Emilia, hebu ona kitu hiki! Kimeingia dukani jana. Ile cheni ya mzee wanatucheka nayo."

"Fundi hajasema tubadilishe."

"Fundi ni mtu wa enzi za foleni, dada. Sasa hivi ni ruksa!"

Tuseme kweli, Emilia naye alikuwa akiona haya. Vijana washindani wa mtaa wa Area D walikuwa wameubandika mnyororo wake jina la mkia wa ng'ombe, na kicheko chao kilimchoma. Akakubali. Waliufunga ule mpya, wa zamani wakauacha msumarini, na Harithi akaumiminia mpya oili mpaka ikachuruzika.

Katika mchujo wa asubuhi vigari tisa vilishindana, na vinne tu vingeingia fainali. Mzunguko wa pili haujaisha, Emilia alisikia mgongoni tak, tak, tak. Kila alipokanyaga mafuta, mnyororo uliruka meno na kigari kikasitasita. Vumbi la uwanja likauvaa mnyororo mzima. Alimaliza wa nne kwa taabu, akashuka machozi yakimlengalenga, maana aliona mashine ya mama yake ikimponyoka.

Matonya alifika angali na suti ya kanisani.

"Shikamoo, Fundi," alisema Emilia kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Cheni yangu iko wapi?"

Emilia akakitazama kigari. Mzee akapiga magoti vumbini na suti yake, akachungulia nyuma ya kiti.

"Nani kaikaanga hii kwa oili?"

"Ni mimi, mzee," alisema Harithi. "Nisamehe."

"Na mimi nilikubali," Emilia aliongeza upesi.

"Tazameni. Haya meno ya gia yamelika pamoja na cheni yangu, yamezoeana kama mke na mume. Hii mpya haiyajui. Siyo mbaya, ila ilitaka na gia mpya. Ninyi mmeiozesha kwa mume wa mtu, tena mkaipaka oili iokote mchanga!"

Harithi hakungoja amalize. Aliazima baiskeli, akaenda mbio hadi karakanani, akarudi mnyororo mweusi ukiwa shingoni na shati lake jeupe la Jumapili limeharibika kabisa. Matonya aliufunga kwa mkono wake, akaubonyeza kwa kidole kupima ulegevu, akaitikia kwa kichwa kuridhika.

Fainali ilikuwa mizunguko ishirini. Emilia alianza wa mwisho, lakini safari hii mgongoni kulikuwa kimya. Mzunguko wa kumi alimpita mmoja. Wa kumi na sita, mnyororo wa aliyekuwa mbele yake ukakatika, naye akampita. Alibaki kijana wa Area D. Katika kona ya mwisho Emilia alikanyaga mafuta yote, mnyororo ukashika kila jino, akapita kwa urefu wa gurudumu moja.

Hakuikimbilia zawadi. Alikwenda kwa Matonya, akapiga goti.

"Asante, baba. Asante kwa cheni, na asante kwa kunikaripia." Akamgeukia Harithi. "Na wewe kaka, asante. Bila mbio zako ningekuwa nalia."

"Nendeni mkaioshe hiyo cheni," Matonya alinguruma, lakini alikuwa akifuta macho.

Mwezi uliofuata mashine ilifungwa Haneti. Wanawake walimpokea Fundi Matonya kwa vigelegele na salamu nyingi za Kigogo za "Mbukwenyi!" hata akakosa pa kutazama. Paulina, mama yake Emilia, alimimina debe la kwanza la uwele, akaukinga unga ukiwa bado na joto, kisha akamshika fundi mikono miwili.

"Baba, mimi mambo ya cheni siyajui," alisema. "Ninachojua, leo jua limenikuta kitandani. Mungu akuzidishie."

Emilia alimsikia mama yake, akainamisha kichwa kwa shukrani na kwa aibu, akifikiri jinsi alivyokaribia kuyatupa yote hayo kwa ajili ya kung'aa kwa asubuhi moja. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.