Nyasi za Kitandani

Paukwa!

Pakawa.

Aliyeketi karibu na moto asogee kidogo, mwenzake apate joto. Nasimulia.

Hapo zamani za kale, juu mlimani, siku kipupwe kilipobisha hodi, waliokuwepo ni hawa: Mama Kanga mwenye bustani, vifaranga wake saba, Bibi Kobe jirani yake, na Nungunungu wa shimoni. Baridi naye alikuwepo, ingawa hakukaribishwa na mtu.

Nyuma ya nyumba ya Mama Kanga palikuwa na matuta manne. La mchicha, la mnavu, la figili, la matembele. Mvua ilikuwa imekwenda zake. Wadudu wamejificha, mbegu za porini zimekwisha. Vifaranga saba walitegemea matuta yale manne tu. Yakifa, watakula nini mpaka mvua irudi? Mama Kanga alilijua hilo. Kila jioni alimwagilia kwa kibuyu, tuta kwa tuta.

Na kila asubuhi alifagia. Ukoo wa Kanga ni watu wa usafi, uwanja wao haulali na jani. Akafagia uwanja, akafagia njia, akaingia na bustanini, akafagia katikati ya mboga. Fya, fya, fya. Udongo ukabaki mtupu.

"Bustani umeinyoa upara," Bibi Kobe akasema. "Na kofia yake iko wapi, baridi hii?"

"Bibi, wewe hufagii nyumba kwa sababu umeivaa."

Wakacheka wote wawili.

Asubuhi moja Mama Kanga akakuta nyasi kavu juu ya mchicha. Nyasi, na mwiba mmoja mrefu, mweusi kwa mweupe. Hakuhitaji kuuliza ni wa nani.

"Nungunungu ananitupia takataka," akasema. Fya, fya, fya. Akazifagia zote.

Siku ya pili, nyasi juu ya mnavu. Fya, fya, fya.

Siku ya tatu, nyasi juu ya figili, na mwenyewe bado yupo. Nyasi amezichomeka kwenye miiba mgongoni, utadhani kibanda kinatembea.

"Hodi, Mama Kanga. Nilitaka kukuambia kwamba..."

"Usiniambie kitu. Wewe mchimba viazi vya watu, leo bustani yangu umeifanya jalala? Nipishe."

Akampungia fagio. Nungunungu akainamisha kichwa, akaenda zake. Chaka-chaka, chaka-chaka, miiba inalia. Na nyuma yake, fya, fya, fya.

Siku ya nne, nyasi zilikuwa juu ya matembele. Mama Kanga akashika fagio. Mara Tunu, kitindamimba wake, akaanza kukohoa. Mama akatupa fagio, akamfunika mtoto kwa bawa. Siku ile hakutoka tena.

Kulipokucha, Baridi alikuwa ameshuka na meno yake. Umande umeganda, mweupe kama unga. Jua likachomoza. Mchicha, mweusi. Mnavu, mweusi. Figili imelala chini kama kamba iliyolowa. Mama Kanga alitaka kulia, lakini watoto saba walikuwa wanamtazama.

Tunu akajikongoja mpaka kwenye matembele. Akachakura nyasi. Kwaru, kwaru.

"Mama, huku chini kuna joto."

Mama Kanga akainama. Juu ya nyasi, umande ulioganda. Chini ya nyasi, majani mabichi, yamelala kama watoto ndani ya blanketi. Akalitazama fagio lake. Akaondoka, akaenda mpaka shimoni kwa Nungunungu.

"Hodi."

"Karibu, kama hukuja na fagio."

"Nimekuja na aibu tu, kaka. Zile nyasi ulizitoa wapi?"

Nungunungu akasogea pembeni. Mama Kanga akachungulia ndani. Shimo lilikuwa tupu. Hapakuwa na unyasi hata mmoja.

"Ni za kitandani kwako," akasema polepole. "Sasa wewe unalalia nini?"

"Udongo. Mimi mtu mzima, nitavumilia. Unakumbuka wakati wa mvua ulipopiga kelele, ke-ke-ke-ke? Chui alikuwa nyuma yangu. Nikakusikia, nikaingia shimoni."

"Lakini mimi sikujua hata kama upo."

"Najua. Ila mimi nilipona."

"Asante, kaka," Mama Kanga akasema. "Na unisamehe."

Akarudi, akashika fagio. Safari hii alifagia mlima mzima, fya, fya, fya, akikusanya nyasi kavu. Vifaranga wakabeba. Bibi Kobe naye akasukuma kwa kichwa, akisema, "Kofia hiyo, nilikuambia." Nyasi nusu zikaenda kwenye matuta. Nusu zikaenda kitandani kwa Nungunungu.

Kipupwe chote vifaranga walikula matembele, jani moja moja, wakianzia majani ya chini. Wote saba waliuona mwisho wa baridi. Na viazi vilivyokuwa chini ya tuta lile, Nungunungu hakuchimba hata kimoja.

Basi wanangu, na ninyi wakubwa, funzo ni hili: ukikuta kitu mlangoni pako, muulize aliyekileta kabla hujakifagia. Na ukitendewa wema, hata na asiyejua kwamba amekutendea, shukuru.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye tuta la matembele.

Mwezi wa nane, mnavu ulichipua tena.