Kwa Nini Mwebrania na Mrusi Hufanana Wakihesabu Sita

Hapo kale, nchi zikiwa bado hazijapata mipaka, mababu wa Waebrania walichunga kondoo jangwani, na mababu wa Warusi waliwinda mbali kaskazini, kwenye theluji. Hawakuwa na neno hata moja lililofanana. Jangwani lugha ilikuwa mali ya wana wa kiume. Binti aliazimwa tu. Siku ya kuolewa ugenini alisimama mbele ya mtungi, akatamka kila neno alilolijua, na kaka yake akalifunika humo. Neno likishafunikwa, binti hakuwa nalo tena.

Binti mmoja, Zlata, aliyajua maneno kuliko kaka yake, Elkana. Mama yao alikuwa mgonjwa wa kitandani, na Zlata ndiye aliyemsimulia kila jioni yaliyotokea malishoni. Alipoposwa na mwindaji wa kaskazini, hakulilia hema wala mifugo. Alililia neno moja.

"Kaka, niachie la kumuagia mama. Hilo tu."

Elkana akacheka. "La nini? Wewe sasa ni wa kwa watu. Huko uendako hata baridi ina majina kumi. Utashiba!"

"Basi nimuage kwanza, ndipo tuanze."

"Mtungi kwanza. Au leo utanifundisha mila?"

Wakaanza asubuhi. Maji. Moto. Mama. Kila neno lilipotoka, kifuniko kiligonga mdomo wa mtungi, na Zlata akahisi ulimi unakuwa mwepesi kama kibuyu kikavu. Alasiri kondoo wakarudi, na Elkana akawa anawahesabu huku kifuniko kiko mkononi. Zlata alipotamka "shesh", yaani sita katika lugha yao, Elkana naye alikuwa analitamka hilohilo kwa kondoo wa sita. Kifuniko kikashuka bure, kwa kuwa neno halifunikwi likiwa bado kinywani mwa mwenye mtungi. Elkana hakutambua. Macho yake yalikuwa kwa kondoo mmoja aliyechechemea.

Jua lilipoinama, Zlata akaruhusiwa kuingia kwa mama yake, aliyedhani mtungi bado haujafunguliwa.

"Ndiyo unaondoka, mwanangu?"

Zlata akafungua kinywa, akatafuta, akapekua. Lilikuwamo moja tu.

"Shesh," akasema, akimshika mkono. Akalirudia taratibu, kwa upole wote aliokuwa nao. "Shesh. Shesh."

Mama akamuuliza, "Hata leo, Zlata, habari ni hesabu ya kondoo?"

Maneno hayo Zlata hakuyaelewa tena. Lakini mkono ulipovutwa kutoka kwenye mkono wake, alielewa. Mama akageukia upande wa pili wa hema, na hakugeuka hadi ngamia walipoondoka.

Kaskazini Zlata alijifunza lugha ya mumewe, akawalea wanawe kwa lugha hiyo. Neno lake moja alilitia katikati ya hesabu zao, kwani hakuwa na urithi mwingine wa kuwapa.

Na tangu siku hiyo, sita kwa Mwebrania ni shesh, na kwa Mrusi ni shest. Wasomi hubishana: hawa huona undugu, wale husema ni bahati tu. Wakichoka kubishana huinuka waende makwao, na hapo kila mmoja huaga kwa neno ambalo mwenzake halijui.