Namkunda na Neno la Kunguru

Nina hadithi hapa!
— Itoe tuione!
Nikiianza, mtaifuata?
— Hata ikipanda mlima!

Basi ipandisheni nami. Hapo kale kulikuwa na nchi ya juu sana, ambako mawingu yakichoka kusafiri yalikuja kupumzika. Ukungu uliingia majumbani bila hodi, ukakaa na wenyeji mpaka adhuhuri. Humo aliishi Namkunda, msukaji wa mikeka, pamoja na mama yake, Nakiete.

Mwaka huo baridi ilimwingia mama mifupani. Alitetemeka siku ya kwanza, akatetemeka siku ya pili, akatetemeka siku ya tatu. Siku ya nne hakutetemeka tena, na hapo ndipo Namkunda alipoogopa.

Kunguru akatua mlangoni.

"Namkunda, mbona umejiinamia?"

"Baridi inamchukua mama yangu."

"Ng'ambo ya korongo wamehamia wageni. Wanasema kama sisi, ila vitu vyao wameviacha na majina ya Kiingereza. Nimewaibia jina moja. Wakishikwa na baridi hulitaja, na baridi huwatoka. Blanketi!"

"Blanketi ndiyo nini?"

"Aa, mimi nilichukua neno tu. Maana ilikuwa nzito, sikuweza kuruka nayo." Akaenda zake.

Namkunda akamwinamia mama yake sikioni. "Blanketi! Blanketi! Blanketi!"

Mama akafumbua jicho moja. "Mwanangu, unamwita nani?"

Akatoka kuuliza. Akamkuta tumbili juu ya mti.

"Blanketi? La kunywa hilo!" alisema tumbili, ambaye hajawahi kukosa jibu. "Chemsha majani yoyote, mnyweshe."

Akachemsha, akamnywesha. Mama akatapika, na kajoto kadogo alikokuwa nako kakapungua.

Akamkuta kobe njiani.

"Blanketi ni la kupigwa," alisema kobe. "Pwa! Pwa! Pwa! Baridi husikia ikakimbia."

Akapiga sufuria mpaka mikono ikafa ganzi. Baridi haikukimbia. Mama akageukia ukutani, na vidole vyake vikawa kama mawe ya mtoni.

Namkunda akashika njia ya kwenda korongoni. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji. Ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa, haoni hata miguu yake. Aliita, lakini upepo ulivuma kutoka kwa wageni kuja kwake, ukamrudishia sauti yake mdomoni. Basi akakaa chini, akasikiliza. Akawa kama amelala, na hakulala. Maneno yakamjia mojamoja, yanaelea, kama manyoya ya ndege.

Sauti ya mwanamke ikasema, "Lianue blanketi kambani, manyunyu yanakuja."

Namkunda akajiambia, "Kumbe huanikwa. Basi halinywewi."

Sauti ikasema, "Likunje blanketi uliweke kitandani."

"Kumbe hukunjwa. Basi ni laini, halipigwi."

Ukungu ukapumua. Sauti ikaja ya tatu, ya chini, ya mtu anayebembeleza: "Mfunike mtoto blanketi mpaka mabegani, asipigwe na baridi."

Namkunda akasimama. Machozi yalimtoka, kwa kuwa sasa aliliona blanketi waziwazi, na macho yake hayajapata kuliona.

Akaenda malishoni kwa kondoo.

"Kondoo, nipe manyoya yako."

"Ya nini?"

"Nitengeneze blanketi."

"Tumbili naye alikuja na neno hilo, akataka kunikamua. Wewe unasemaje?"

"Huanikwa likaanuliwa. Hukunjwa likawekwa. Hufunikwa mtu mpaka mabegani."

Kondoo akajilaza ubavu. "Nyoa," akasema, "ila niachie ya shingoni, na mimi ninaishi huku huku."

Namkunda akasokota nyuzi, akazisuka kama alivyozoea kusuka ukindu, kamba juu ya kamba. Kila akimaliza safu moja, alisimama kusikiliza kama mama bado anapumua. Safu ya mwisho ilipofungwa, akalitwaa, akamfunika mama yake mpaka mabegani, akangoja.

Kimya. Kimya. Kimya.

Kisha mama akaanza kutetemeka. Alitetemeka hata kitanda kikalia, na Namkunda akacheka kwa furaha, maana aliye hai ndiye anayetetemeka. Kutetemeka kukapungua, kukaisha. Jasho dogo likaota juu ya pua ya mama.

"Namkunda, ni kitu gani hiki?"

"Ni blanketi, mama."

Mama akafumba macho. "Basi nivutie hilo blanketi lifike miguuni."

Hapo hadithi yangu naitua. Fundisho lake ni hili: ukipewa jina la kitu usichokijua, usikimbilie kulitamka. Wasikilize wenyewe kwanza, ujue wanalifanyia nini, nalo litakuonyesha maana yake.

Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie. Na wewe uliyekaa karibu na moto kuliko sote, sogea huko. Msimuliaji naye ana miguu!