Mashine Waliyoiimbia

Mtu mmoja alikuwa na mke, watoto watatu na maporomoko ya maji. Mke na watoto walikuwa wake kweli. Maporomoko yalikuwa ya kijiji kizima, ila kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kuyatazama kwa muda mrefu kama yeye, watu walizoea kusema ni ya Mrutu.

Mrutu alikuwa mhandisi wa umeme. Angeweza kuzeekea mjini, chini ya feni, akitia saini michoro ya wengine. Badala yake alirudi kwao milimani Upare na pikipiki moja na wazo lililowachekesha wazee: kwamba maji ya ndiva, lile bwawa la mawe ambalo babu zao walilijenga ili kumwagilia mashamba, yanaweza kufanya kazi mbili katika mteremko mmoja. Yazungushe chuma kwanza, alisema, kisha yaende kwenye maharage. Wazee wakamwonya kwamba maji yakishatolewa umeme hayatabaki na nguvu ya kuotesha kitu. Aliwaacha waseme, akachimba. Maharage yaliota kama kawaida yake, na taa zikawaka.

Alikuwa mtu wa kuthubutu, na hili halisemwi kwa sababu amekufa. Wakati wa fungate alimpeleka mkewe Naetwe kwenye genge la mwamba kutazama kijito; wakanyeshewa, wakalala pangoni, na asubuhi yeye peke yake ndiye aliyedai amelala vizuri. Alivuka mbuga za tambarare kwa pikipiki, mke nyuma, bunda la nyaya begani mwa mke kama mtandio. Watoto walipopata akili aliwachukua nao. Jumapili alasiri, mara kwa mara, alizima mashine na kuifungua, akawagawia kazi: huyu ashike tochi, huyu apake grisi, huyu aondoe majani kwenye wavu wa mdomo wa bomba. Naetwe alitunza nati katika pindo la kanga. Kijiji kilikaa bila umeme kikinung'unika, "Mrutu anacheza tena na wanawe."

Halafu akafa. Alikufa kitandani, kwa ugonjwa wa moyo, jambo lililomshangaza kila aliyewahi kumwona akiteremka mlima kwa pikipiki.

Kijiji kilimlilia kwa dhati, kikaunda kamati. Mwenyekiti wake, Kallaghe, alikuwa binamu wa marehemu na huzuni yake ilikuwa ya kweli; asije akadhaniwa mnafiki. Kamati iliipaka chokaa nyumba ya mashine, ikatundika ukutani picha ya marehemu akiwa amevaa tai ya kuazima, ikatia kufuli mlangoni. Ikaamua kwamba pale alipoweka mkono Mrutu, mkono mwingine usiwekwe. Watoto wake walijaribu kusema neno, wakakumbushwa kwamba mfiwa hapangi msiba. Kazi yake ni kukaa na kupewa pole. Wakakaa. Kallaghe aliuvaa ufunguo shingoni. Wageni walivua viatu mlangoni. Mashada ya maua ya plastiki yakapangwa juu ya ukuta wa ndiva, mengine juu ya mengine, na kila upepo ulipovuma yalipungua kidogo, wala hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi.

Mwaka haujaisha, mashine ikaanza kutoa sauti. Kwanza mguno, kisha kilio chembamba, kirefu, cha kupanda na kushuka. Taa zikafifia zikawa nyekundu kama nyanya. Bibi mmoja alisikiliza mlangoni, akafuta macho, akasema, "Hata chuma kinamlilia." Neno lilipendeza, na neno likishapendeza, nani atalikagua? Kwaya ikatunga wimbo wa kuiitikia mashine. Watu wakapanda kutoka vijiji vya jirani kuja kuisikiliza ikiomboleza, na waliporudi walisimulia kwamba huko juu wanajua kweli kumkumbuka mtu.

Naetwe hakuimba, lakini pia hakukanusha. Alasiri alikwenda, akaegemeza mgongo kwenye ukuta ule mweupe, akasikiliza. Majirani walikuwa wameshaacha kumpa pole. Waliona muda umetosha. Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa bado msibani pamoja naye, na si rahisi kumfukuza mwenzako wa msibani.

Binti yake Nakijwa, aliyeolewa hapohapo kijijini, alikuwa na mtoto aliyefikia umri wa chanjo ya surua. Alimpeleka zahanati, akarudishwa. Akampeleka tena, safari hii wakiwa na Naetwe. Muuguzi alifungua friji ya chanjo, akawaonyesha.

"Bibi, hili sasa ni kabati," alisema. "Umeme huu haupozi hata maji ya kunywa. Chanjo nimezirudisha tambarare. Na msikae sana, surua imeshaingia kijiji cha pili."

Njiani mtoto akaanza kulia. Nakijwa akamtikisa, Naetwe akamwimbia, mtoto akazidi. Na hapo, bila kutarajia, Naetwe akamkumbuka mumewe. Si yule wa kwenye picha mwenye tai, yule mwenyewe. Walikuwa safarini, Mbonea, kifungua mimba wao, bado mchanga, akilia kana kwamba anachinjwa, na wanawake watatu walimwimbia kwa zamu. Mrutu alisubiri ubeti uishe kwa adabu zote, akamchukua mtoto, akamvua nguo, akamtoa siafu kwapani. "Mna sauti nzuri sana, mama zangu," aliwaambia. "Ila alikuwa na siafu."

Naetwe akasimama katikati ya njia. Akamshusha mjukuu mgongoni mwa mama yake, akamvua. Hapakuwa na siafu. Alikuwa amelowa tu. Lakini alipomaliza kumbadilisha alikuwa ameshajua la kufanya, na alitamani asingelijua.

Siku ya kumbukumbu ilipofika, kijiji kilijaa mbele ya nyumba ya mashine, kimevaa vizuri. Kwaya iliimba, mashine ikaitikia, Kallaghe akahutubia kuhusu nuru isiyozimika huku kipaza sauti kikikatika kwa kukosa umeme. Naetwe akasimama. Mfiwa hasimami mpaka aitwe, kwa hiyo watu waligeuka wote kwa pamoja.

"Shemeji, naomba ufunguo."

"Kaa, mama Mbonea," Kallaghe akamjibu kwa upole. "Ufunguo huu tumeuweka wakfu. Wewe msikilize tu anavyoliliwa."

"Mpeni," akasema mwanamke mmoja nyuma, si kwa sauti ndogo sana. "Kila siku anaiegemea. Mpeni akaolewe nayo." Wengine wakacheka ndani ya kanga zao.

Naetwe hakugeuka. "Shemeji," alisema, "mashine hailii. Inataka grisi."

Vicheko vikakatika, sauti ya mashine ikasikika yote, na kwa mara ya kwanza watu waliisikia kama ilivyokuwa: chuma kikisaga chuma. Ilikuwa sauti mbaya. Wanakwaya wakatazama viatu vyao.

Kallaghe aliushika ufunguo kifuani. "Nikishafungua," alisema taratibu, "nitakuwa nimebaki na kitu gani chake?"

Naetwe mwenyewe alikuwa akijiuliza swali hilo. Alikunjua tu pindo la kanga, lile alilozoea kutunzia nati, akalinyoosha mbele yake. Labda ndilo lililomshinda Kallaghe, kuliko hoja ya grisi. Akauvua ufunguo.

Haukuzunguka. Kufuli lilikuwa limeoza kwa ndani. Ikabidi utafutwe msumeno wa chuma, na Kallaghe mwenyewe akalishika kufuli lisicheze huku Mbonea, aliyekuja kutoka mjini kwa ajili ya hotuba, akilikata. Wakati huohuo Nakijwa alipanda ndiva na reki. Mdomo wa bomba ulikuwa umekabwa na mashada. Alivuta maua mekundu, maua ya njano, tope, majani, kisha utepe mrefu ambao maandishi yake yalikuwa bado yanasomeka: HATUTAKUSAHAU. Huo ndio uliokuwa umejisokota ndani zaidi.

Mtu akapuliza pembe, ile ya kuitia msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima, na pembe hiyo ikilia Mpare hana ruhusa ya kuwa na shughuli nyingine. Suruali zikakunjwa, kanga zikafungwa viunoni. Waliovua viatu kwa heshima sasa walivivua kwa sababu ya tope. Yule mwanamke wa nyuma alibeba ndoo nyingi kuliko wote, na hakuna aliyemkumbusha maneno yake.

Taa hazikuwaka alasiri hiyo. Beringi moja ilikuwa imesagika, na Mbonea ikabidi ateremke mjini Same kutafuta nyingine. Mpaka aliporudi, mashine ilinyamaza kabisa. Siku hizo za kimya zilimwia Naetwe ngumu kuliko siku za mazishi. Aliegemea ukuta, na hapakuwa na kitu cha kulia kwa niaba yake. Basi akalia mwenyewe, kwa sauti, kama alivyopaswa kulia tangu zamani. Na majirani, ambao masikio yao yalikuwa yamepumzika na kile kilio kingine, wakamsikia, wakaja na kukaa naye.

Beringi ilipofika, aliyeifunga ni Nakijwa. Kallaghe alimshikia tochi, akiuliza kila nati inakwenda wapi, na alipoambiwa alirudia kwa sauti ili asisahau. Friji ikapoa. Chanjo zikapanda mlima. Mjukuu wa Mrutu akachomwa sindano, akapiga kelele, na safari hii kila mtu alijua sababu. Mashine ilivuma tu, kama mtu aliyeshika kazi yake, na picha ile ya tai ilishushwa kwa sababu mahali pake palihitajika pa kutundika spana.

Nawe unayesema hutamsahau marehemu wako: ile kazi aliyokuachia unaifanya, au unaiimbia?